Damu kwa Kadi ya Kaka

Kichwa chochote kilichopita mikononi mwa yule kinyozi kilitoka kimenyolewa vizuri, ila kilitoka kimechelewa. Ndiyo maana wateja wakambandika jina la Taratibu, naye akalipokea bila ugomvi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, kiti cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka zamani, benchi la wanaosubiri, na vioo viwili vilivyotazamana, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili mtu aone kisogo chake. Wateja walivipenda vioo hivyo. Taratibu mwenyewe, katika kipindi ninachokisimulia, alivichukia kufa, maana kila alipogeuka alijikuta anatazamana na nafsi yake.

Usafi wake ulikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Kila kichwa wembe wake, na karatasi ya wembe ilichanwa mbele ya macho ya mteja. Mashine zilipanguswa kwa spiriti mpaka duka likanuka kama chumba cha sindano.

"Taratibu, unaninyoa au unanipasua?" aliuliza Spika, jirani aliyeuza misumari na rangi, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hakujaliwa kunong'ona.

Benchi zima lilikufa kwa kicheko, na Taratibu akacheka nao. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba kinyozi wao alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi, na kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, alikuwa amekwisha kumeza kidonge chake. Nje ya kituo cha afya walijua watu wawili tu, kaka yake na mke wa kaka yake.

Kaka ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki wakifuatana, kaka aliacha shule akaenda kubeba mizigo sokoni, kisha akawa utingo, na mwishowe akawa dereva wa malori ya safari ndefu. Mashine ya kwanza ya kunyolea aliinunua yeye. Na Taratibu alipougua akabaki ngozi na mifupa, majirani wa kule walikoishi zamani wakawa wanamsalimia kwa mbali kama vile anauma, kaka ndiye aliyemweka mgongoni akapanda naye ngazi za hospitali. Alimshika kidevu akamtia vidonge mdomoni kama mtoto mchanga. "Huwezi kufa mimi nikiwa hai," alimwambia, "labda unikimbie." Taratibu akapona. Mtu aliyefanyiwa mambo hayo neno hapana humkauka kooni, na hilo ndilo lililomponza.

Miaka ikapita, naye kaka akapimwa, akakutwa navyo. Mkewe akapimwa, hakukutwa na kitu. Mwanamke mwingine angefunga mizigo siku hiyo hiyo, na nani angemlaumu? Huyu alilia akamaliza, akauliza mipira ya kondomu inapatikana wapi, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi wa sare za shule. Taratibu alimwita shemeji, naye shemeji akamwita shemeji, na walipendana kama ndugu wa tumbo moja. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha mwanamke yule: alitaka mtoto, na kwa hali ya mumewe mtoto hakuwezekana.

Shida ya kaka haikuwa dawa, ilikuwa aibu. Alilala ndani ya lori bega kwa bega na utingo wake, na chupa ya vidonge ikitikiswa na barabara inapiga kelele kama kayamba. Alijaribu kuijaza pamba. Alijaribu kuviviringisha vidonge kwenye karatasi. Mwisho akaona rahisi zaidi kuviacha nyumbani, vikae kabatini vikimsubiri kama mke wa pili. Akirudi anakunywa, akiondoka anasahau, na safari zake zilikuwa ndefu.

Sasa, kwenye kile kituo cha afya hawakutegemea maneno yako matamu. Kila mtu husema anakunywa dawa. Wao walikutoa damu. Zamani walihesabu chembe za kinga peke yake, wakaangalia kama mwili unajijenga upya, lakini chembe za kinga hupanda kwa kujikongoja na mtu anaweza kujificha nyuma yake. Siku hizi walipima wingi wa virusi wenyewe. Anayemeza dawa yake sawasawa, virusi hushuka hadi mashine isivione, na kwenye majibu yake huandikwa neno moja: havionekani. Taratibu alikuwa akilipata neno hilo kila mara, na usinicheke nikisema kwamba alilibeba kifuani kama mwanafunzi aliyeshika namba moja.

Wenye neno hilo walipewa dawa za miezi mingi, wakaambiwa waende zao wakaishi. Ambao virusi vilionekana waliitwa kila mwezi, wakakalishwa na mshauri, wakaulizwa kwa upole mpaka jasho likawatoka. Kwa kinyozi kuitwa kila mwezi ni usumbufu tu, lakini kwa dereva wa safari ndefu ni kufukuzwa kazi, maana tajiri atauliza: wewe unaumwa nini kila mwezi?

Basi siku moja asubuhi kaka alikuja dukani kabla ya wateja. Hakukaa.

"Leo wananitoa damu," alisema.

"Vizuri."

"Vizuri nini? Dawa sijaigusa tangu safari ile. Ikisoma juu, nimekwisha. Wewe yako ni safi."

Taratibu alikuwa anafagia nywele za jana. Ufagio ukasimama.

"Kaka, kadi ni yako. Jina ni lako."

"Kadi haina picha, na sura zetu ni moja, hata mama alikuwa anatuchanganya. Wewe unakaa, unatoa mkono, unaondoka. Mara hii tu, mdogo wangu. Nikirudi naanza upya, kila siku, siruki hata moja. Nakuapia."

Taratibu alikwenda. Mtoa damu aliuangalia mshipa, uso hakuuangalia. Akasoma jina la kaka, akauliza, "Ni wewe?" Taratibu akajibu, "Ni mimi." Damu ikajaa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, wakabandika jina la mtu mwingine, kazi ikaisha. Na tuseme ukweli wote: alitoka pale amebana pamba mkononi, akifurahi. Alifurahi sana. Kwa mara ya kwanza maishani alijisikia kwamba na yeye amembeba kaka yake mgongoni.

Majibu yakasema havionekani. Kaka akarudi na furushi la dawa za miezi mingi, akaliweka kabatini juu ya lile la zamani. Zamu ya kupima ilipofika tena, hata kuomba hakuomba. Aliiacha kadi mbele ya kioo cha dukani, akasema lori linamngoja, akaenda. Mara hii tu ilikuwa imeshageuka mazoea.

Haikupita miezi mingi, Shemeji akaingia dukani mchana, saa ambazo wateja ni haba. Alikuwa na uzi kwenye nywele na vipande vya kitambaa begani, dalili kwamba ameiacha kazi katikati. Alimsukuma Taratibu kwenye kile kiti cha wateja.

"Kaa kwanza, shemeji. Ninayo ya kukusimamisha, bora uyasikilize umekaa."

"Kuna nini? Kaka ni mzima?"

"Mzima kuliko wewe. Tulikwenda wote kuchukua majibu. Mara mbili mfululizo, havionekani! Daktari akanikalisha akanieleza mwenyewe. Mwanamume ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mkewe. Hamwambukizi, shemeji! Nikamwuliza, hata tukitafuta mtoto? Akasema hata mkitafuta mtoto." Akajishika tumbo ambalo bado halikuwa na cha kuonyesha. "Tumetafuta. Tumepata."

Taratibu alifungua mdomo.

"Ngoja, sijamaliza," alisema Shemeji, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka. "Mama yangu bado sijamwambia. Nimeanza na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemwonyesha kaka yako kwamba mtu anaweza kumeza hizi dawa akaishi. Mtoto huyu ana mkono wako. Nimekuja kukushukuru."

Akamshika mikono yote miwili, akaibusu. Taratibu alisema hongera. Neno lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Alipobaki peke yake aliinua uso, akajiona kwenye kioo cha mbele, na ndani ya kile cha mbele akaona cha nyuma, na humo mgongo wake, kisha uso tena, mdogo zaidi, mpaka akashindwa kuhesabu. Alifunga duka kabla jua halijatua.

Kaka aliporudi safari walikutana kwenye maegesho ya malori, wakapanda ndani ya lori, wakafunga vioo. Joto lilikuwa la kuokea mkate.

"Unakunywa dawa?" Taratibu aliuliza.

"Nikikumbuka."

"Kaka!"

"Sasa ningefanyaje?" kaka alifoka, lakini kwa sauti ya chini, maana utingo alikuwa nje anakaza turubai. "Daktari anaongea, mke wangu analia kwa furaha. Nimwambie daktari, samahani, damu hiyo si yangu? Miaka yote namnyima mtoto kwa sababu ya damu. Siku hiyo sababu ikaondoka mbele ya macho yake. Ningeshika lipi?"

"Ungeshika ukweli."

"Wewe uliushika? Ulipoulizwa ni wewe, ulijibu nini?"

Hapo alimpata. Taratibu akatazama kitasa cha mlango.

"Mwambie leo," alisema baadaye. "Wampime, wampe dawa za kumkinga. Zipo. Vikimwingia sasa, ana mimba, vitapita hadi kwa mtoto."

"Nitamwambia akishajifungua."

"Akishajifungua itakuwa ya nini?"

"Nimesema nitamwambia! Na wewe nikusikie." Kaka alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, na lori limezimwa. "Ukifungua mdomo wako, na mimi nafungua wangu. Nitakuja pale mlangoni kwako Jumamosi, benchi limejaa, niwaambie wateja wako ni nani anayewashika vichwa. Tuone nani atakaa kwenye kile kiti."

Hakumtazama mdogo wake alipokuwa anasema hayo. Nami namjua, najua hata yeye yalimuuma kutoka. Lakini aliyasema.

Kuanzia hapo Taratibu aliishi kama panya aliyeingia kwenye chupa. Akisema, duka limekufa, kaka amempoteza, na nyumba ya kaka imevunjika. Asiposema, kila siku inayokucha Shemeji analala kitandani na hatari ambayo ameambiwa haipo. Alipunguza kwenda kwao. Alimwona akipita na kitambaa begani, tumbo limeanza kusukuma gauni, akampungia mkono kupitia dirishani na kujifanya ana kazi nyingi. Alinyoa vibaya. Alimchonga mzee mmoja ndevu upande mmoja juu, upande mmoja chini, na mzee akaondoka akidhani ndiyo mtindo mpya. Spika alisema, "Taratibu umependa au umefilisika?" Watu wakacheka. Yeye hakuweza.

Akawaza kumtumia Shemeji ujumbe kwa simu isiyo yake. Akawaza kwamba pengine kaka ameanza kumeza dawa kweli, pengine mambo yako shwari. Mtu akibanwa hujipa moyo kwa vitu vya ajabu. Usiku alilala, ila asubuhi aliamka amechoka kama aliyebeba magunia.

Zamu yake mwenyewe ya kutoa damu ilifika. Safari hii alimkuta Sista, muuguzi wa siku nyingi aliyemjua tangu alipoletwa mgongoni.

"Wewe ni mfano hapa," Sista alimwambia, akifunga mpira kwenye mkono wake. "Nawaambia wapya, muulizeni yule kinyozi."

"Sista, nikuulize kitu. Mwanamke ana mimba. Mumewe anavyo, yeye hana."

"Virusi vya mumewe vinaonekana?"

"Tuseme havionekani."

"Basi na apike ale alale. Hana neno."

"Na tuseme vinaonekana?"

Sista aliinua macho. "Vikionekana tungemtaka hapa leo, si kesho. Tungempima, tungemwanzishia dawa za kinga, na tungempima tena na tena mpaka amwachishe mtoto kunyonya. Kwa nini? Unamfahamu?"

"Nilisikia tu wateja wanazungumza."

Kichupa kilijaa. Taratibu alikitazama kikiondoka kwenda na wenzake kwenye sanduku la baridi, safari hii na jina lake, na akaona wazi alichokifanya. Yeye alidhani ametoa mkono wake tu. Kumbe alitoa jibu, na mtu mwingine akalijengea nyumba. Leo, si kesho, alijirudia njiani. Hakurudi dukani. Miguu ilimpeleka moja kwa moja kwa fundi wa sare.

Shemeji alikuwa anashona kola. Mashine ilikuwa inaunguruma, kando yake mlundo wa mashati meupe madogo.

"Leo umetukumbuka!" alisema bila kusimama. "Nilidhani umehama mji."

"Shemeji, simamisha cherehani."

Akaisimamisha.

"Yale majibu ya kaka. Yale ya havionekani, mara zote mbili. Haikuwa damu yake. Ilikuwa yangu. Nilikwenda na kadi yake nikakaa kwenye kiti badala yake. Kaka hanywi dawa akiwa safarini. Hajanywa vizuri siku nyingi."

Shemeji alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha.

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na yeye anajua kwamba..."

"Yeye ndiye aliyeniomba."

Mwanamke akaweka mkono juu ya tumbo, akauondoa, akauweka tena.

"Nilikuja dukani kwako," alisema polepole. "Nikakushika mikono. Nikakushukuru. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulisema nini? Nikumbushe."

"Nilisema hongera."

Shemeji alichukua mkasi akakata uzi, akaifunika mashine kwa shuka yake, akavaa viatu. Taratibu alisimama ili amsindikize.

"Usinifuate," alisema, na hakuwa amepandisha sauti. "Ukinifuata nitapiga kelele."

Akaenda kituoni peke yake. Alichoambiwa huko Taratibu hakukijua. Kesho yake aliitwa na Sista, akaulizwa kama ni kweli alikaa kwenye kiti kile kwa jina la nduguye, akakiri, akapokea maneno yaliyomstahili. "Damu yako ni safi kuliko ulimi wako," Sista alimwambia, na wala hakuwa na utani. Tangu siku hiyo hakuna aliyetolewa damu pale bila kitambulisho chenye picha.

"Na yeye?" Taratibu aliuliza akiwa mlangoni. "Shemeji yangu, majibu yake?"

"Yake ni yake. Mimi siwezi kukuambia."

Ndipo akaujua mtego hasa ulivyo. Mwanzo alikuwa amefungwa na siri aliyoijua. Sasa alifungwa na ile asiyoijua, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Jumamosi ikafika, benchi limejaa hadi wengine wamesimama. Spika alikuwa kitini, upande wa kulia wa kichwa chake umeshanyolewa unang'aa, wa kushoto bado msitu. Alikuwa anahutubia juu ya bei ya saruji. Taratibu aliinua macho kiooni, akamwona kaka amesimama mlangoni. Alikuwa na nguo za safari na macho mekundu. Ameambiwa, Taratibu akajua. Shemeji amemwambia.

"Jamani," kaka alisema, na benchi likageuka. "Kuna jambo mnapaswa kulijua kuhusu huyu anayewashika vichwa."

"Kwamba anachelewesha watu?" mmoja akadakia, wakacheka.

Taratibu akazima mashine. Aliutazama uso wa kaka yake kwenye kioo, akaona jinsi midomo yake inavyotafuta neno la kuanzia, akamhurumia. Akaona afadhali amtue mzigo huo.

"Mimi nina virusi vya Ukimwi," alisema. "Ninavyo miaka mingi, kabla hata sijaanza kuwanyoa wengine wenu. Nakunywa dawa kila siku, na damu yangu ikipimwa havionekani. Wembe mnaona wenyewe, kila kichwa na wake. Nilikuwa nimewaficha. Sasa mmejua. Anayetaka kwenda, mlango ndio ule."

Kisha mmoja akakumbuka kwamba simu yake ameiacha kwenye chaji. Mwingine akaangalia saa ambayo hakuivaa. Waliondoka kwa adabu, mmoja mmoja, wakijibana ili wapite pembeni ya kaka pale mlangoni, na kaka akawa anawapisha huku akiangalia chini. Wawili walibaki kwenye benchi, na mmoja wao alikuwa amelala tangu mwanzo.

Spika hakuwa na pa kwenda. Alijiangalia kwenye kioo, kulia upara, kushoto msitu. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, alinong'ona.

"Sasa na mimi?"

"Imebaki nusu," Taratibu alisema.

"Naiona nusu." Alimeza mate. Akautazama mkono wa kinyozi, akaitazama nusu yake, akautazama tena mkono. "Malizia."

Taratibu akawasha mashine. Alimnyoa hadi mwisho, taratibu kuliko siku zote, na Spika hakusema neno. Alilipa, akatoka. Taratibu alipotazama mlangoni kaka hakuwepo tena.

Wiki zilizofuata kiti kilipata vumbi. Walikuja wachache: wageni wasiojua, wakaidi, na Spika, ambaye alirudi nywele zilipoota na kutangaza mtaa mzima kwamba amerudi, kama vile anatarajia nishani. Taratibu alifungua kila asubuhi, akafuta vioo, akakaa. Kila gauni lililopita nje lilimshtua. Alimwona Shemeji mara moja upande wa pili wa barabara. Hakugeuka.

Kisha siku moja mchana akaingia. Tumbo lilikuwa kubwa sasa, na miguu imevimba, anatembea kwa kujivuta. Taratibu, ufagio mkononi, alisimama akashika mgongo wa kile kiti.

"Wamenipima tena leo," alisema Shemeji. "Sina kitu. Na mara ya kwanza sikuwa nacho. Nameza vidonge vyao vya kinga."

Taratibu alilia pale pale, bila kujificha, hata ufagio ukamwanguka.

"Usilie bado. Watanipima tena, na tena, mpaka mtoto aache ziwa." Alisubiri atulie. "Majibu ya kaka yako nayo yametoka. Ya kwake mwenyewe. Virusi vimejaa. Ameanza dawa upya, mbele ya macho yangu. Akiwa safarini anapiga simu ya video, anameza namwona."

"Anasema nini juu yangu?"

"Anasema hana mdogo."

Taratibu aliitikia kwa kichwa. Hilo alilitegemea, na bado lilimwingia kama msumari. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni tangu siku ile ya cherehani.

"Na wewe, shemeji?"

Mwanamke alilishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mimi sijui. Mtoto huyu akitoka salama, ni kwa sababu ulisema. Akitoka navyo, ni kwa sababu ulinyamaza kwanza. Nikishajua ni lipi, nitakuambia."

Miguu ilikuwa inamuuma. Akajishusha kwenye benchi tupu, akaegemea ukuta, akafumba macho, na Taratibu akaenda kumletea maji.